Shahidi Aliyekuwa Akila Njugu

Nimestaafu juzi tu na tayari mmenipigia simu kuniuliza kile kinasa sauti cha zamani kinafunguliwa vipi. Kinafunguliwa kwa ncha ya kijiko, upande wa kushoto, polepole. Nimeona afadhali niandike na mengine niliyo nayo kabla hamjazoea kunipigia. Habari za kupandishwa cheo sitaziandika, maana katika ofisi ndogo kama yetu cheo ni kukabidhiwa ufunguo wa choo.

Kwa ambaye hajakaa sana nasi, kazi yetu hapa Kawangware ni kukusanya historia ya mitaa. Nani alichimba mtaro, bomba la kwanza lilikuwa wapi, kanisa gani lilikuwa la mabati kabla ya kuwa la mawe. Aliyenipokea ni Mwalimu Nzioka, aliyefundisha historia shuleni hadi akaacha chaki, lakini ukali hakuuacha. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino nikidhani nitaketi. Hakunionyesha hata kiti. Akasema, "Asubuhi kulikuwa na vita pale bombani. Nenda uniletee."

Nilimletea. Nilikuwa nimepata habari tamu sana, yenye ndoo, matusi na leso iliyochanwa, nikaisimulia kwa mdomo na mikono. Akasikiliza mpaka mwisho bila kutikisa kichwa.

"Nani amekuambia?"

"Mama anayeuza sukuma wiki pale kona."

"Alikuwa amesimama wapi?"

Sikujua. Nikarudi, visigino vikizama matopeni. Mama wa sukuma akanicheka. "Kwani mimi nilikuwa huko? Nimeambiwa na kastoma." Na kastoma, nilipompata, alikuwa ameambiwa na dada yake.

Basi hilo ndilo lilikuwa somo lote, na Mwalimu akalipa majina jioni hiyo. Chanzo cha msingi, alisema, ni kile kilichokuwapo jambo likitokea: mtu aliyeona, picha iliyopigwa, leso yenyewe iliyochanwa. Chanzo cha upili ni kile kilichokuja baadaye kikasimulia: kitabu, hotuba, jirani. Nikamuuliza kama cha upili maana yake ni cha uongo. Alikasirika. "Cha upili si uongo. Kimechelewa tu kufika. Wewe kazi yako ni kujua kimepita njia gani."

Alikuwa na mazoea yake. Hakukubali chai kwa mtu kabla ya kumaliza maswali, kwa sababu, alisema, ukishakunywa chai ya mtu unaanza kukubaliana naye. Hakumuuliza mtu, "Unakumbuka siku ile?" Alimuuliza, "Kabla ya hapo ulikuwa unafanya nini?" Mtu anaweza kukupambia habari ya jambo kubwa, lakini hajisumbui kupamba habari ya nguo alizokuwa akianika. Na alimtembeza kila shahidi hadi mahali penyewe, akamsimamisha, akamwambia anyooshe mkono. Mkono ukikosa pa kuelekea, alijua.

Vyombo vyetu vilikuwa kinasa sauti kimoja, ambacho tulikivalisha soksi kisiingie vumbi, na betri tulizoanika juani zikianza kuchoka. Ninyi mna simu na hamjui raha ya betri iliyofufuka. Adui wetu mkubwa alikuwa mvua. Ikinyesha juu ya mabati, mzee anaweza kukueleza siri za ulimwengu na wewe ukabaki na kaseti ya ngoma. Jumapili nazo hatukurekodi kabisa, maana kila kanisa lina vipaza sauti na kila kipaza sauti kimeelekezwa kwa kanisa jirani.

Nilipopewa Kibera ndipo nilipojifunza jambo ambalo Mwalimu hakuwa amenifundisha. Watu wa Kibera wamehojiwa. Wamehojiwa na wanafunzi, na miradi, na wageni wenye kamera, na wageni wenye kamera kubwa zaidi. Mara ya kwanza kwenda Kisumu Ndogo, mtaa mmoja wa hukohuko Kibera, kwa Mama Ndunge, mama wa Kitui anayeuza mboga karibu na ukumbi wa kanisa, nilitoa kinasa sauti, naye akakitazama kama mtu anavyotazama mwiko wa jikoni kwake.

"Unataka ile ndefu ama ile fupi?"

"Ile ya nini, mama?"

"Ya moto. Iko ile ndefu, iko ile fupi, na iko ile ya kulia. Ile ya kulia wazungu wanapenda."

Nilichukua ndefu. Miaka mingi nyuma moto ulikuwa umekula safu nzima ya nyumba pale Kisumu Ndogo. Hakufa mtu, lakini watu walibaki na nguo walizovaa. Mama Ndunge alieleza kwamba moto ulianzia kwenye jiko la Mama Awino, muuza samaki. Alikuwa amejifunga kitambaa chekundu kichwani, jiko likaanguka, karai la mafuta likamwagika, naye akapiga kelele, "Uuuwi! Mafuta yangu!" "Niliona na hii macho yangu mbili," alisema, akayaonyesha yote mawili. Niliandika jina lake na tarehe, nikaweka kaseti kabatini, nikaendelea na kazi. Kwa miaka mingi nilirekodi na wengine, kwa sababu kila anayeeleza historia ya pale anaanza na moto.

Kisha, miaka michache kabla sijastaafu, kamati ya wazee wa pale iliamua kuchora historia ya mtaa kwenye ukuta wa ukumbi wa kanisa, upande wa barabara, ili watoto waisome wakipita. Wakaiomba ofisi yetu ihakikishe kila picha. Mojawapo ilikuwa ya mama wa kitambaa chekundu, jiko likianguka, moto nyuma yake.

Habari haikuchelewa kufika Kawangware. Asubuhi moja nilifungua ofisi nikamkuta mama mmoja ameketi kwenye ngazi na beseni lake la omena, wale dagaa wa ziwani. Alijitambulisha kuwa Mama Awino. Nilikuwa nimelisikia jina hilo kwenye kaseti zangu zote bila kumwona mwenyewe hata mara moja.

"Mimi ndiye yule wa jiko," alisema.

Aliniambia kwamba mwaka wa pili baada ya ule moto watu waliacha kununua samaki wake. Hawakumpiga wala kumfukuza. Walipita tu. Samaki waliharibika kwenye sinia mpaka akahama, akaja Kawangware, ambako alikuwa akiuza omena wakavu tu. Tangu siku hiyo hakukaanga samaki mbele ya watu.

"Maneno ya watu nimezoea," akasema. "Lakini hiyo ya ukuta, madam, itanishinda. Maneno inaisha. Ukuta haiishi. Wajukuu wangu watakuwa wanapita hapo wananiona nikichoma nyumba za watu, hata nikishakufa."

"Na moto ulianzia wapi?"

"Sijui. Mimi nilikuwa kanisa. Ilikuwa Sabato. Kulikuwa na harusi ya jirani, watu wakakimbia na sahani mkononi. Mimi ni Msabato, madam. Jumamosi siwashi hata kiberiti."

Nilimhurumia palepale, nikatamani kumwamini. Lakini alikuwa na sababu zote za kusema hivyo, na kwenye kabati nilikuwa na mashahidi tele wanaosema vingine. Sikumwahidi kitu. Niliwaambia wenzangu wasinipitishie mtu, nikatoa kaseti zote za moto, nikazisikiliza moja baada ya nyingine.

Nilichosikia kilinikosesha raha. Wote walisema "Uuuwi! Mafuta yangu!" Wote walisema kitambaa chekundu. Muuza maji, mama wa mitumba, mzee wa kanisa, wote neno kwa neno, hata ile "Uuuwi" waliivuta kwa kiasi kilekile. Sasa, chukueni watu wanne walioona pikipiki imeanguka. Mmoja atasema ilikuwa nyeusi, mwingine ya bluu, wa tatu atabisha kwamba haikuwa pikipiki. Watu wanaoona kitu kimoja kutoka pembe mbalimbali hugombana. Hawa wangu hawakugombana hata kidogo. Nilitoa pia kijitabu ambacho mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika kuhusu mtaa ule. Kilikuwa na mama, jiko na kitambaa, na chini yake maneno "kwa mujibu wa walioshuhudia". Walioshuhudia walikuwa haohao wangu, na siku hizo wao nao walikuwa wakiniambia, "Hata kwa kitabu iko." Yaani kitabu kinawategemea wao, na wao wanakitegemea kitabu, na hakuna aliyekanyaga chini.

Nilimpigia Mwalimu Nzioka, aliyekuwa amerudi kwao Machakos kufuga kuku. Nilimweleza yote. Kuku walikuwa wakipiga kelele upande wake.

"Umewasimamisha?" akauliza.

Sikuwa nimewasimamisha. Wakati nilipowarekodi, safu ile ilikuwa imeshajengwa upya na sikuona haja.

Kesho yake nilikwenda Kisumu Ndogo nikamwomba Mama Ndunge tutembee. Alifurahi, maana alidhani kuna kamera. Tulipofika ilipokuwa safu ya zamani, nikamwomba asimame pale alipokuwa amesimama siku ile.

Akasimama kando ya tangi la maji. Akatikisa kichwa. Akahamia mlango wa choo. Akageuka, akanyoosha mkono, akaushusha.

"Hapana," akasema. "Mimi sikuwa nimesimama. Nilikuwa nimekaa."

"Umekaa chini?"

"Kwa benchi. Mtoto nimempakata. Nakula njugu."

Kuna wakati katika kazi hii ambapo jambo halilingani na habari na hujui kwa nini, na wakati huo usimsaidie shahidi kujibu. Yeye mwenyewe alikuwa amekunja uso.

"Mama, moto unawaka, na wewe umekaa unakula njugu?"

"Ndiyo maana nashangaa," alisema. "Na watu walipiga makofi. Sasa kwa nini watu wapige makofi?"

Tulirudi kibandani kwake. Nikamuuliza, kana kwamba ni mazungumzo tu, kama zamani alikuwa akinunua samaki kwa Mama Awino. Akasema kila siku, ila Jumamosi. "Jumamosi kwake hungeomba hata kiberiti. Alikuwa anajifanya mtakatifu sana." Alilisema hilo kwa kinyongo, na ndiyo sababu nililipenda. Hakujua kwamba ananipa kitu.

Benchi, njugu na makofi. Niliuliza hapa na pale ni mambo gani yaliyowahi kufanyika ukumbini. Mzee wa kanisa akakumbuka kwamba mwaka mmoja baada ya moto, vijana waliigiza mchezo kuchangisha mabati ya waliounguliwa. Ukumbi ulijaa hadi watu wakaketi madirishani. Nani aliigiza? Wengi wamehama, akasema, lakini yule kijana aliyeigiza mama alifungua duka la kinyozi huko kwenu Kawangware.

Kwa hiyo nilikuwa nimepita mlangoni pake kila siku nikienda kazini. Anaitwa Kevo, na sasa ana kitambi na watoto. Nilipomtajia mchezo ule aliacha mashine ikinguruma juu ya kichwa cha mteja.

"Eish! Madam, nani amekuambia? Nilikuwa moto sana enzi hizo. Wasichana hawakuruhusiwa kuigiza, so mimi ndiye nilikuwa mama wa samaki. Kitambaa red, jiko ya mathe wangu, karai, kila kitu."

"Mlijuaje kwamba moto ulianzia kwa mama wa samaki?"

"Hatukujua."

"Sasa kwa nini mama wa samaki?"

Akanitazama kwa huruma. "Madam, mchezo lazima moto ianze mahali. Huwezi ambia watu imetoka tu hewani, watadai waende nyumbani. Na kitu pekee tulikuwa tunaweza kubeba kutoka nyumbani ilikuwa jiko."

Nilimuuliza kama anamfahamu Mama Awino. Akasema hapana. Nilimweleza. Mashine aliizima, akaketi kwenye benchi la wateja wanaosubiri, na yule mteja aliyenyolewa nusu hakuthubutu kuuliza kitu.

Hapa ndipo wengi wenu mngekimbia kwenye kamati. Mimi sikukimbia. Kujua kwamba hadithi ilitoka mchezoni hakukuniambia kwamba Mama Awino hakuwasha jiko. Huenda mchezo ulibahatisha ukweli. Nilihitaji siku, na siku nilihitaji itajwe na mtu asiyejali samaki wala jiko. Nikawatafuta wenye harusi. Nao walikuwa Kawangware, bwana akishona viatu na bibi akiwa na duka la sabuni, na picha ya harusi ikiwa imetundikwa juu ya sabuni hizo. Bibi harusi, bwana harusi, na nyuma yao, juu ya mabati, wingu jeusi nene limeinuka.

"Hiyo moshi iliniharibia picha," mama akaniambia, bado ana hasira. "Ni ule moto wa Kisumu Ndogo. Watu wote wakakimbia kuokoa vitu, keki ikabaki na nzi. Nilimwambia mpiga picha aitoe, akasema moshi haitoki."

"Harusi ilikuwa siku gani?"

Alinitazama kana kwamba nimeanza kuugua. "Jumamosi. Nani anaoa Jumatano?"

Ile picha naiweka juu ya kila kitu nilichowahi kukipata katika kazi hii. Mpiga picha hakukusudia kutuambia lolote. Alikuwa akipiga picha ya gauni. Chanzo kisichojua kwamba kinatoa ushahidi ndicho cha kutafuta, na siku hizi mtakipata kwa shida, kwa maana simu zenu zinafuta moshi.

Kamati ilikutana ukumbini. Nilimwomba Mama Awino aje, akakataa, kisha akaja akaketi nyuma kabisa karibu na mlango. Nilieleza habari ya Jumamosi na picha. Mwenyekiti, mzee mtaratibu, alinisikiliza, halafu akasema lililokuwa mioyoni mwa wote. "Madam, sisi hatukatai. Lakini watu wameona. Hawa wote ni waongo?"

"Si waongo," nikasema. "Waliona."

Nikamwita Kevo. Alisimama mbele, pale pale alipokuwa amesimama akiwa kijana, akatoa kitambaa chekundu mfukoni, akajifunga. Watu wakaanza kucheka kwa sababu ya kitambi. Kisha akarusha mikono juu, akafumba macho, na sauti ikamtoka nyembamba na ndefu.

"Uuuwi! Mafuta yangu!"

Kicheko kilikatika. Niliona mzee wa kanisa akiweka mkono mdomoni. Mama Ndunge alisimama nusu, akaketi, akasimama tena.

"Ni wewe!" akasema. "Yesu wangu, ni wewe!"

Kevo alivua kitambaa. Akamtafuta Mama Awino kwa macho hadi akamwona kule mlangoni. "Mama, hatukuwa tunakujua," akasema. "Tulikuwa tunatafuta tu mabati." Mama Awino hakuwa amewahi kujiona akiigizwa.

"Mimi sina sauti kama hiyo," akasema. Na sauti yake, kwa kweli, ilikuwa nzito na ya chini. Nililia. Siwaandikii kwamba nilipata vumbi machoni.

Mwenyekiti bado alikuwa na shida yake. "Sasa tutachora moto umetoka wapi?"

"Hatujui."

"Ukuta haiwezi kusema haijui, madam."

Tulibishana hadi chai ikaletwa, na sikuinywa. Mwishowe msichana anayechora, Shiro, ndiye aliyemaliza maneno. Alisema amechoka kushika brashi, na kwamba akiachiwa nafasi tupu ataiacha tupu. Mkienda leo mtaona mtaro, bomba, harusi yenye moshi nyuma yake, watu wakikimbia na sahani, na katikati kipande cha ukuta kisicho na kitu. Chini yake kumeandikwa, "Hatujui ulianzia wapi." Kwenye faili nimeacha na mchezo wa Kevo, usitupwe. Kuhusu moto ni chanzo cha upili, na dhaifu. Lakini kuhusu jinsi mtaa ulivyokuja kuamini ulichoamini, hakuna chanzo cha msingi kinachoushinda, na siku moja mtu atauliza swali hilo.

Rangi ilipokauka nilikwenda Jumapili kuutazama ukuta. Mama Awino alikuwa amefika kabla yangu. Chini ya kile kipande kitupu alikuwa ameweka jiko, karai, na sinia ya mbuta waliokatwa vizuri. Akawasha kiberiti. Watu walipita. Wengine walisoma ukuta, wakamtazama, wakapita. Mafuta yakachemka, samaki wa kwanza akaiva, wa pili akaiva, na hakuna aliyesimama. Nilikuwa karibu kutoa pesa zangu, lakini mimi ni mtu wa Kawangware na yeye hakuja pale kuniuzia mimi.

Kisha Mama Ndunge akaacha mboga zake, akavuka barabara, akasimama mbali kidogo na jiko huku amefumbata mikono kifuani. Hakusema pole. Akasema, "Nifungie moja kubwa."

Mama Awino alimgeuza samaki bila haraka.

"Sogea hapa karibu," akamwambia. "Simama uone vizuri."

Mama Ndunge akasogea.